Imlygic, dawa ya kirusi dhidi ya saratani ya ngozi: tathmini kwa wanaoulizia kutoka Unguja na Pemba

Imlygic ni dawa ya sindano ambayo ndani yake mna kirusi hai. Kirusi chenyewe ni hepesi ya aina ya kwanza, kile kile kinacholeta malengelenge ya mdomoni na ambacho watu wazima wengi wanacho mwilini bila ya kujua, isipokuwa hiki kimebadilishwa jeni zake ili kishambulie seli za saratani. Waliokibadilisha ni BioVex, kampuni iliyochipuka kutoka University College London, ambayo baadaye, mwaka 2011, ilinunuliwa na Amgen ya Marekani. Mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha dawa hii Oktoba 2015 na Umoja wa Ulaya ukafuata Desemba ya mwaka huo huo. Jina lake refu ni talimogene laherparepvec, na madaktari hulikatisha wakaiita T-VEC. Kibali chake ni cha ugonjwa mmoja tu, nao ni melanoma, saratani ya ngozi inayoanzia kwenye seli zinazotengeneza rangi, tena ile ambayo haiwezi kuondolewa yote kwa upasuaji na ambayo uvimbe wake unafikika kwa sindano.

Mimi ni mfamasia hapa Mjini, na nimeamua kuiandikia tathmini kwa sababu matangazo ya virusi vinavyokula saratani sasa yanazunguka kwenye simu za wagonjwa wetu na za watu wanaowauguza. Ami yangu, anayeishi Wete, aliniletea kipeperushi alichopewa na wakala mmoja wa safari za matibabu. Karatasi ilikuwa nzuri, ya rangi, na ilidai mambo mawili: kwamba kirusi huua saratani ya aina yoyote, na kwamba saratani haiwezi kukizoea kama inavyozoea dawa za kemikali. Aliniuliza, "Mwanangu, hili la kutozoea ni kweli?" Nikamwambia, "Ami, si kweli, nalo ndilo hasa la kuangaliwa." Tathmini hii inatokana na maelezo rasmi ya dawa na matokeo ya majaribio yaliyochapishwa. Dawa yenyewe sijapata kuitoa kwa mgonjwa.

Nianze na kazi ya kirusi, kwa sababu bila ya kuifahamu kazi hiyo mtu hawezi kufahamu kwa nini inashindikana. Kirusi cha hepesi hujishika kwenye protini zilizo juu ya seli, mojawapo ikiwa nektini-1, kisha utando wake ukaungana na utando wa seli na DNA yake ikasafiri mpaka kwenye kiini. Huko huilazimisha seli itengeneze virusi vipya, na mwishowe seli hupasuka na virusi vikamwagika kwenda kwa seli za jirani. Seli yenye afya haikubali jambo hili kwa urahisi. Inayo protini iitwayo PKR ambayo, ikihisi kuna kirusi ndani, husimamisha utengenezaji wote wa protini, hivyo kirusi kikakosa malighafi. Hepesi ya kawaida ina silaha ya kuivunja breki hiyo, nayo ni jeni ya ICP34.5. Watengenezaji wa Imlygic waliziondoa nakala zote mbili za jeni hiyo. Kirusi kisichokuwa na silaha hiyo hukwama ndani ya seli nzima, lakini ndani ya seli nyingi za saratani huendelea, kwa kuwa seli hizo zilikwisha kuziharibu breki zao wenyewe katika safari yao ya kuwa saratani.

Si hilo tu walilolifanya. Waliondoa pia jeni ya ICP47, ambayo hepesi huitumia kuificha seli iliyoambukizwa isionekane na askari wa kinga, kisha wakapachika jeni ya binadamu inayotengeneza GM-CSF, protini inayoziita seli za kinga zije pahala pa tukio. Kwa hiyo dawa hii imekusudiwa kufanya kazi mbili. Ya kwanza ni kuipasua seli, na ya pili ni kuyaacha mabaki ya seli hiyo mbele ya kinga ya mwili ili kinga ijifunze na iwafuate ndugu zake walioko mbali na sindano. Kwa maoni yangu huu ni ubunifu wa hali ya juu kabisa.

Sasa matokeo. Jaribio kubwa lililoipatia dawa kibali liliwahusisha wagonjwa 436 wenye melanoma isiyopasulika, baadhi yao wakadungwa T-VEC na wengine wakapewa GM-CSF peke yake. Waliopungukiwa na ugonjwa kwa kiasi kikubwa, na hali hiyo ikadumu angalau miezi 6, walikuwa asilimia 16.3 kwa T-VEC na asilimia 2.1 kwa wenzao. Ukihesabu kila aliyepata nafuu ya kupimika, hata kama haikudumu, ni asilimia 26.4 dhidi ya 5.7. Umri wa kuishi baada ya kuanza matibabu, ukichukua mgonjwa wa katikati, ulikuwa miezi 23.3 dhidi ya 18.9, tofauti ambayo kwa hesabu za kitakwimu ilipungua kidogo tu kufikia kipimo cha kukubalika. Ndiyo maana maelezo rasmi ya Marekani yanasema wazi kwamba dawa hii haijathibitishwa kurefusha maisha wala kufanya kazi kwenye saratani iliyokwisha kufika kwenye viungo vya ndani. Wakala wa safari hakuyaandika maneno hayo kwenye kipeperushi chake, na mimi nayaona kuwa ndiyo yaliyostahili kuandikwa kwa herufi kubwa.

Kuna takwimu nyengine ndani ya jaribio lile ambayo inaonyesha kwa karibu nguvu ya dawa na mpaka wake. Kati ya uvimbe uliodungwa moja kwa moja, asilimia 64 ulipungua kwa nusu au zaidi. Kati ya uvimbe ambao haukudungwa lakini haukuwa kwenye viungo vya ndani, ni asilimia 34. Kwenye viungo vya ndani, kama mapafu na ini, ni asilimia 15. Sindano inapofika, kirusi kinafanya kazi kweli, na pale ambapo inategemewa kinga ya mwili ipeleke vita mbali, mafanikio yanapungua kila hatua. Lakini hata pale sindano ilipofika, zaidi ya theluthi moja ya uvimbe haukupungua kwa kiwango hicho. Seli zilizobaki zilinusurika vipi?

Njia ya kwanza ni mlango. Seli za uvimbe mmoja hazifanani zote, kwani kila zinapogawanyika hujitokeza tofauti, na miongoni mwake zimo zenye nektini-1 nyingi juu ya ngozi yake na zimo zenye chache sana. Kirusi huziua kwanza zile zenye milango mingi. Zilizobaki zinaendelea kuzaana, na uvimbe unaorudi unakuwa wa watoto wa zile zisizoingilika. Hali ni hiyo hiyo kwa virusi vyengine vinavyojaribiwa: surua ya chanjo hutegemea protini iitwayo CD46, polio hutegemea CD155, na adenovirusi nyingi hutegemea protini iitwayo CAR ambayo saratani nyingi huwa nayo kidogo.

Njia ya pili ndiyo pana zaidi na ndiyo inayowashughulisha watafiti kuliko zote, nayo inahusu interferoni, protini ambayo seli huitoa kuwatahadharisha jirani zake kwamba kuna kirusi. Seli iliyovamiwa ina vihisio vinavyotambua DNA au RNA iliyo pahala isipopaswa kuwapo. Kimojawapo, cha DNA, hufanya kazi kupitia protini iitwayo STING. Vihisio hivyo vikishituka, seli hutoa interferoni nje, na seli za jirani zikaipokea kabla hazijafikiwa na kirusi, kama nyumba za Ng'ambo zinavyofunga milango mara mmoja akipiga kelele za mwizi. Ndani ya seli zilizopokea habari, mamia ya jeni huwashwa: nyengine huongeza PKR, nyengine hukatakata RNA, nyengine huzuia kirusi kipya kisitoke. Saratani nyingi zimeipoteza mifumo hii, na upotevu huo ndio unaompa kirusi nafasi. Lakini si zote, na hata katika uvimbe mmoja si seli zote. Baadhi ya seli za melanoma bado zina STING inayofanya kazi, na katika maabara imeonekana kwamba hizo ndizo zinazostahimili hepesi, ilhali zile zilizoizima STING hufa kwa wepesi.

Hapa inafaa kutenganisha usugu wa aina mbili, kwa sababu hata baadhi ya makala za kitaalamu huzichanganya. Kuna usugu wa muda: seli imenusurika kwa sababu jirani yake ametoa interferoni kwa wakati, na ikitengwa siku chache bila ya interferoni, kirusi kinaweza kuiingia tena. Usugu huu unaweza kupunguzwa kwa dawa zinazozuia njia ya interferoni, kwa mfano ruxolitinib, ambayo katika majaribio ya maabara imezifanya seli nyingi sugu zikubali tena kirusi cha vesikula stomatitisi, kirusi chengine kinachojaribiwa dhidi ya saratani. Kisha kuna usugu wa kurithiwa, ambapo jeni zenyewe zimebadilika na kila seli inayozaliwa inazaliwa nao. Wa aina hii hauondoki kwa kusubiri wala kwa kuongeza dozi.

Jambo ambalo mimi binafsi limenigusa zaidi katika kusoma mada hii ni kazi ya watafiti wa Mayo Clinic huko Minnesota. Waliangalia seli za melanoma zilizotoroka kirusi cha vesikula stomatitisi, wakakuta kwamba shambulio la kirusi liliamsha ndani ya seli kimeng'enya kiitwacho APOBEC3B, ambacho kazi yake ni kuharibu jeni za wavamizi lakini ambacho hukosea kikaharibu na jeni za seli yenyewe. Katika kuharibu huko, jeni iitwayo CSDE1 ilibadilika, nayo ndiyo iliyokuwa ikitumiwa na kirusi kuzaana. Kwa maneno mengine, matibabu yenyewe yalichangia kuzaa usugu. Hata hivyo watafiti hao hawakuishia hapo. Protini iliyobadilika ni ngeni machoni mwa kinga ya mwili, kwa hiyo walipowachanja panya dhidi ya protini hiyo, kinga iliweza kuzikamata seli zilizotoroka. Anayesema saratani haiwezi kukizoea kirusi anayafuta yote haya kwa sentensi moja, na anawanyima wagonjwa pia habari kwamba usugu huo huo unaweza kugeuzwa kuwa alama ya kuikamatia seli.

Kuna tatizo moja zaidi ambalo halina jawabu rahisi. Interferoni inayoikinga saratani na kirusi ndiyo inayoifanya saratani hiyo ionekane na seli za kinga, na melanoma iliyopoteza jeni ya JAK1 au JAK2, ambazo ni za njia ya interferoni, imeonekana kuzipiga chenga dawa zinazoiamsha kinga ya mwili dhidi ya saratani, kama pembrolizumab. Kwa nadharia, basi, ukimpa mgonjwa kirusi pamoja na pembrolizumab, kila dawa ingezikamata seli zinazoiponyoka nyengine. Nadharia hiyo ilipelekwa kwenye jaribio kubwa la wagonjwa 692, nusu wakipewa T-VEC pamoja na pembrolizumab na nusu wakipewa pembrolizumab na sindano isiyo na dawa. Mwaka 2021 jaribio lilisimamishwa kwa kuwa hapakuwa na matumaini ya kuonyesha faida ya kutosha. Ilikuwa habari ya kusikitisha, na mfanyabiashara yeyote anayeuza mchanganyiko huo kama jambo lililothibitishwa anapaswa kuulizwa kuhusu jaribio hilo.

Ama kinga ya mgonjwa kukitambua kirusi na kukifyeka kwenye damu, na nyuzi ngumu za kolajeni kukizuia kisisambae ndani ya uvimbe, hayo yapo na yana uzito, ila hayahusu seli kuwa sugu. Kwa dawa inayodungwa ndani ya uvimbe, kama hii, la kwanza lina athari ndogo kuliko lingekuwa nayo kwa dawa ya kupita kwenye mshipa.

Wanaouliza kama kuna bidhaa nyengine, zipo chache. China iliidhinisha H101, adenovirusi iliyobadilishwa, mwaka 2005, itumike pamoja na kemotherapi kwa saratani za kichwa na shingo. Japani iliidhinisha kwa masharti Delytact, hepesi nyengine iliyobadilishwa, Juni 2021, kwa saratani ya ubongo aina ya glioma. Na ipo Rigvir ya Latvia, iliyosajiliwa huko mwaka 2004 na ikatangazwa sana kwa wagonjwa wa nchi nyengine. Mwaka 2019 usambazaji wake ulisimamishwa baada ya vipimo kuonyesha kwamba kiasi cha kirusi ndani ya chupa kilikuwa kidogo mno kuliko kilichoandikwa. Kwa mfamasia hakuna kasoro iliyo nzito zaidi ya hiyo. Mgonjwa akishindwa kupona kwa dawa ya namna hiyo hawezi hata kujua kama saratani yake ni sugu au kama hakudungwa kitu.

Wazo lenyewe si geni katika eneo letu. Mwaka 1971 madaktari waliokuwa wakifanya kazi Uganda waliandika kuhusu mtoto mwenye limfoma ya Burkitt, aina ya saratani, ambaye uvimbe wake ulinywea alipopatwa na surua ya kawaida. Ripoti hiyo bado inatajwa na wanaotengeneza virusi vya surua kwa ajili ya saratani, na inafaa sisi wa Afrika Mashariki tuijue.

Nikirudi kwenye Imlygic yenyewe, matumizi yake yanadai nidhamu kubwa. Huhifadhiwa kwenye baridi ya kati ya nyuzi 70 na 90 chini ya sifuri, hivyo friza ya kawaida ya duka la dawa haifai hata kidogo. Chupa huja za mililita moja kwa nguvu mbili: yenye kifuniko cha kijani kibichi hafifu ina virusi milioni 1 kwa mililita na ni ya dozi ya kwanza tu, na yenye kifuniko cha buluu ina milioni 100 na ni ya dozi zote zinazofuata. Dozi ya pili hutolewa wiki 3 baada ya ya kwanza, kisha kila baada ya wiki 2, na kiasi hupimwa kwa ukubwa wa uvimbe: unaozidi sentimita 5 hupewa mpaka mililita 4, wa nusu sentimita au chini yake hupewa mpaka mililita 0.1. Chupa ikishayeyuka hairudishwi kwenye barafu. Hebu fikiria safari ya chupa hiyo kutoka uwanja wa ndege mpaka wodini, umeme ukikatika njiani, na utaona kwa nini nasema kwamba anayeahidi kuileta mpaka nyumbani hajui anachokisema.

Madhara yake mengi ni ya kuvumilika: uchovu, baridi ya mwili, homa, kichefuchefu na maumivu pale palipodungwa. Lakini kirusi ni hai. Haitolewi kwa mjamzito wala kwa mtu ambaye kinga yake imedhoofika sana, na anayemuuguza mgonjwa lazima avae glavu anapobadilisha bandeji, kwa sababu anaweza kuambukizwa hepesi. Kidonda hufunikwa kwa angalau wiki moja baada ya kila sindano. Kikitokea kirusi kusambaa, kinatibika kwa asiklovia, dawa ambayo tunayo madukani. Kwa upande huu watengenezaji walifikiri vizuri.

Bei ndiyo inayonihuzunisha. Dawa ilipotoka mwaka 2015, kampuni ilikadiria gharama ya wastani kwa mgonjwa mmoja kuwa dola 65,000 za Kimarekani, bila ya nauli, malazi wala kitanda. Ami aliniambia kwamba kuna familia huko kwao inayofikiria kuuza shamba la mikarafuu kwa ajili ya mgonjwa wao. Mgonjwa huyo ana saratani ya shingo ya kizazi. Imlygic haikuidhinishwa kwa ugonjwa huo, na kuinunua kwa ajili yake ni kununua kitu kisichokusudiwa.

Tena melanoma ni ugonjwa wa nadra kwa watu weusi, na unapotokea mara nyingi huwa kwenye wayo, kiganja au chini ya ukucha, pahala ambapo watu huchelewa kupaangalia. Ndugu zetu wenye ualbino, ambao jua linawaumiza mno, mara nyingi hupata saratani nyengine za ngozi ambazo si melanoma, na hizo kwa kawaida hutibika kwa upasuaji zikiwahiwa. Idadi ya wagonjwa wa Unguja na Pemba ambao dawa hii ingewafaa kwa mujibu wa kibali chake ni ndogo sana. Kwa wingi zaidi tunakutana na saratani ya shingo ya kizazi, ambayo nayo huletwa na kirusi, HPV, na ambayo ina chanjo inayotolewa kwa wasichana Tanzania tangu mwaka 2018.

Kwa mgonjwa mwenye melanoma iliyothibitishwa kwa kipimo cha nyama, ambayo haijafika viungo vya ndani, na ambaye tayari yuko chini ya daktari katika nchi yenye dawa hii, hukumu yangu ni kwamba Imlygic ni dawa halali, yenye ushahidi, inayostahili kuzungumzwa na daktari wake. Kwa mwengine yeyote naishauri familia isitoe hata shilingi ya kushika nafasi mpaka imepata kwa maandishi jina kamili la bidhaa, namba ya usajili wake katika nchi itakakotolewa, aina ya saratani iliyotajwa kwenye kibali, na njia ya kuisafirisha kwa baridi. Karatasi hizo zipelekwe kwa daktari wa saratani Mnazi Mmoja au Ocean Road pamoja na majibu ya kipimo cha nyama, na jina la bidhaa liulizwe Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar. Wakala wa safari akisema kwamba hana muda wa kuziandaa, au kwamba nafasi itapotea wiki hii, familia ibaki na shamba lake na mgonjwa aendelee na tiba aliyopangiwa.